Ingwe au K'Ogalo: Je, watoto twende nao uwanjani?

MSOMAJI mpenzi, ikiwa umeishi Nairobi kwa muda na hujawahi kuulizwa swali hili, basi huenda hutoki nyumbani: "Wewe ni wa Ingwe au wa K'Ogalo?" Swali hili huulizwa kwa kinyozi, ndani ya matatu, kazini na hata matangani. Ukijibu kwamba huna timu, watu watakutazama kama mtu aliyesema kwamba hali ugali. Ukijibu kwamba wewe ni wa Arsenal, vijana watakushangilia, lakini wazee watatikisa vichwa na kukuuliza kama umewahi hata kufika huko London.

Mimi ni wa Ingwe. Nalisema mapema ili ukisoma maoni yangu ujue yanatoka upande gani. Nililelewa Maringo, mtaa ambao kutoka kwetu hadi uwanja wa City, barabara ya Jogoo, ni mwendo wa miguu tu. Mke wangu naye alizaliwa Makongeni, na baba yake amekuwa shabiki wa Gor Mahia tangu ilipoundwa mwaka 1968. Kwa hivyo watangazaji wanapoiita mechi ya timu hizi mbili debi ya mashemeji, nyumbani kwangu neno hilo lina maana yake kamili.

Siku nilipopelekwa kwao mara ya kwanza kujulishwa, mzee alinikaribisha vizuri, nikapewa chai na mayai ya kuchemsha. Hakuniuliza kazi yangu wala kwetu ni wapi. Alisubiri nimalize kikombe, ndipo akauliza, "Kijana, Ingwe na K'Ogalo wakicheza, wewe hukaa upande gani wa uwanja?" Nikamwambia ukweli. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia mama mkwe na kusema, "Huyu ni mtu mzuri, ila amepotea njia kidogo. Tutamvumilia." Amenivumilia hadi leo, na kila K'Ogalo wanapotufunga mimi hununua kuku. Sisi tukishinda, kuku hununuliwa na shemeji zangu. Ukitaka hesabu ya miaka ya karibuni, nakwambia kwamba nimenunua kuku wengi kuliko niliokula kwa bure.

Lakini leo sikuja kukuchekesha tu. Nina jambo ambalo limetusumbua sana mimi na mke wangu, na nadhani linasumbua nyumba nyingi za jiji hili: je, mtu mwenye watoto awapeleke uwanjani kutazama timu hizi, au awaache nyumbani na televisheni?

Majina na makabila

Hebu kwanza nieleze kidogo kwa ajili ya vijana. Ingwe ilianzishwa mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya. Mwaka 1980, wakati serikali ilipotaka majina ya kikabila yaondolewe katika michezo, ikawa AFC Leopards, na chui kwa Kiluhya ndiye ingwe. Luo Union nayo ikawa Re-Union. Jina la Gor Mahia ni la mganga mashuhuri ambaye Waluo humsimulia katika ngano zao, mtu aliyeweza kujigeuza umbo atakavyo. Mkwe wangu husema kwamba ndiyo sababu mabeki wa Ingwe huwa hawawaoni washambulizi wao.

Wapo watu, tena wasomi, wanaosema kwamba timu hizi ni za ukabila na kwamba Nairobi ingekuwa mahali pema zaidi kama zingevunjwa. Mimi sikubaliani nao. Kabila lilileta mashabiki wa kwanza, kwa sababu mtu aliyetoka mashambani kuja kutafuta kazi mjini alihitaji mahali pa kukutana na wenzake siku ya Jumapili. Lakini mpira ukishaanza kuchezwa, shabiki hutaka mabao, na mabao hayana lugha. Nani aliyependwa na K'Ogalo kuliko Meddie Kagere na Jacques Tuyisenge? Hao wote waliichezea timu ya taifa ya Rwanda. Nimewahi kumsikia mama mmoja wa makamo karibu na uwanja akimwita Kagere "mtoto wetu", na sidhani alikuwa amewahi kufika Kigali.

Isitoshe, timu hizi zimetunza mambo ambayo shule zetu zimeyasahau. Ngoma ya isukuti, ambayo mashabiki wa Ingwe huipiga kuanzia barabarani hadi kipenga cha mwisho, iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Watoto wangu hawakuisikia mara ya kwanza darasani, wala kijijini. Waliisikia siku mashabiki wa Ingwe walipopita kando ya kituo chetu cha matatu wakielekea Nyayo.

Enzi za redio

Mzee Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ndiye aliyetuachia ule msemo wa "Kadenge na mpira". Vijana wengi huutamka kwa mzaha bila kujua kwamba Joe Kadenge alikuwa mtu wa nyama na damu, mshambulizi wa Abaluhya na wa timu ya taifa, aliyefariki Julai 2019. Uwanja wa City, ule niliokuwa nikitembea kwa miguu kuufikia, ukaja kupewa jina lake.

Nami nakumbuka mwaka 1987. Gor Mahia walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, na wapinzani wao walikuwa Espérance ya Tunisia. Mechi ya kwanza kule Tunis iliisha 2-2. Ya marudiano hapa Nairobi ikaisha 1-1, na kombe likabaki nyumbani kwa sababu ya mabao ya ugenini. Siku hiyo baba yangu, mtu ambaye damu yake ilikuwa ya Ingwe tupu, aliiweka redio kwenye dirisha ili majirani wasikilize, na kipenga cha mwisho kilipopulizwa aliinyanyua kwa mikono miwili kana kwamba redio yenyewe ndiyo kombe. Jina la Peter Dawo lilitajwa mtaani Maringo mpaka watoto wachanga wakalijua. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyokuwa imewahi kutwaa kombe la bara.

Ingwe nao hawakuwa watu wa kulala. Walishinda kombe la klabu bingwa la Afrika Mashariki na Kati miaka 3 mfululizo, 1982, 1983 na 1984, kisha K'Ogalo wakalichukua 1985. Hebu fikiria, msomaji: kwa miaka 4 mfululizo kombe hilo halikutoka mikononi mwa timu hizi mbili za mji mmoja.

Baada ya hapo kila mmoja alionja shubiri yake. K'Ogalo walishinda ligi 1995, kisha wakakaa miaka 18 bila kuigusa hadi 2013. Mwaka 2015 walimaliza ligi bila kushindwa hata mechi moja, na kufikia 2024 walikuwa wametwaa ubingwa mara 21. Sisi tulishinda ligi 1998. Mwaka 2006 tukashushwa daraja, na baada ya kurudi tumejiliwaza kwa Ngao tulizotwaa 2013 na 2017. Ile ya 2013 tuliwafunga K'Ogalo katika fainali, na sitachoka kuitaja mbele ya shemeji zangu. Lakini ubingwa wa ligi? Zaidi ya miaka 25 ilipita tangu 1998 tukiutazama tu. Mtu anayependa timu ya namna hiyo amejifunza subira ambayo haiuzwi dukani.

Kilichomfunga mke wangu moyo

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tarehe 23 Oktoba 2010, kabla ya mechi ya Gor na Ingwe katika uwanja wa Nyayo, watu walisongamana langoni wakikanyagana, na 7 wakafa. Watu 7 waliondoka nyumbani kwao wakiwa wamevaa jezi, wakaaga kwamba wanakwenda kutazama mpira, na hawakurudi.

Kijana wetu alikuwa bado mdogo wakati huo, wa kubebwa mabegani. Mke wangu, ambaye alikuwa ameanza kwenda uwanjani na baba yake tangu akiwa msichana wa shule ya msingi, alikunja jezi yake ya kijani kibichi akaiweka chini kabisa ya sanduku. "Baba watoto," aliniambia, "wewe ukitaka kwenda, nenda. Lakini watoto wangu hawatakwenda." Sikubishana naye. Mtu atabishana vipi na mama juu ya jambo kama hilo?

Wala si msongamano tu uliomtia hofu. Kuna wale wanaotoka uwanjani na hasira ya kufungwa wakamwaga hasira hiyo kwa vioo vya magari na vibanda vya watu wasiojua hata nani alicheza. Kuna wale wanaovaa jezi ya timu lakini macho yao yako mifukoni mwa watu. Kuna mawe, na baada ya mawe kuna vitoa machozi, na moshi huo haubagui mwenye hatia na asiye na hatia. Na kuna nyimbo za matusi. Mke wangu husema, "Mimi K'Ogalo ni yangu hadi kufa, lakini sitaki mwanangu ajifunze kutukana kwa kupitia timu ninayoipenda."

Hapo, msomaji, hata mimi mtu wa Ingwe sikuwa na la kuongeza. Tulikaa miaka mingi hivyo. Mimi nilikwenda mechi chache na marafiki, na watoto wakakua wakiijua timu ya baba na ya mama kama wanavyolijua kaburi la babu: kitu cha heshima ambacho hawajakiona kikitembea.

Mpira wa simu

Pengo hilo halikukaa wazi. Lilijazwa na Uingereza. Kijana wetu akawa anaweza kukutajia wachezaji 11 wa timu yoyote ya London, wale wa akiba, na hata daktari wa timu akitaka. Hilo halikuniudhi sana. Mpira mzuri ni mpira mzuri, nami pia hukaa nikautazama.

Lakini mwaka jana, akiwa kidato cha tatu, alipewa nauli ya wiki nzima siku ya Jumatatu, na kufikia Jumanne jioni hakuwa hata na ya kurudi nyumbani. Alitembea. Mama yake alipomhoji ndipo tukaonyeshwa simu. Sheria inasema kamari ni kwa waliotimiza miaka 18, naye hakuwa ametimiza. Alikuwa akitumia laini ya rafiki yake mkubwa. Pesa zilikuwa zimewekwa kwenye mechi ya daraja la pili katika nchi fulani ya baridi. Mke wangu alimuuliza polepole, bila kufoka, "Huyu mchezaji uliyempa nauli yako, anaitwaje?" Kijana hakujua. "Timu yake huvaa rangi gani?" Hakujua. "Mji wake uko upande gani wa ramani?" Kijana akainamisha kichwa.

Usiku huo hatukulala mapema. Ndipo mke wangu mwenyewe, yule aliyeifungia jezi sandukuni, akasema neno ambalo nimelifikiria sana tangu hapo: "Sisi tulipigania mpira kwa sababu tuliwajua wanaoucheza. Huyu mtoto mpira kwake umekuwa namba tu."

Nami naona alisema kweli. Anayemwona mchezaji akianguka mita 20 mbele yake, akasikia jinsi anavyopumua, akajua kwamba anatoka Kariobangi au Kibera au Kakamega na kwamba mama yake amekaa palepale jukwaani, ni vigumu kumgeuza mchezaji huyo kuwa tarakimu. Sisemi kwamba uwanjani hakuna wanaocheza kamari. Wapo, tena wengi. Ila nasema kwamba mtoto mwenye kitu cha kupenda ana angalau ngao moja dhidi ya kitu cha kumla.

Na vya kupenda tunavyo. McDonald Mariga, aliyekuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2010, na ndugu yake Victor Wanyama, aliyeifungia Celtic dhidi ya Barcelona mwaka 2012, ni watoto wa Noah Wanyama, mchezaji wa zamani wa Ingwe. Michael Olunga alikuwa na K'Ogalo katika ule msimu wa 2015 wa kutoshindwa. Miaka 5 baadaye alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Japani kwa mabao 28. Dennis Oliech alitoka Mathare United kabla ya kwenda Ufaransa. Hawa wote walionekana kwanza katika viwanja vyetu vyenye vumbi, na kiingilio cha kuwaona kilikuwa chini ya bei ya chakula cha mchana mjini.

Jiji lina timu nyingine pia

Nisije nikalaumiwa kwamba naona rangi mbili tu. Mathare United ilitokana na chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanzishwa 1987, ambako timu za watoto hujipatia pointi za ligi kwa kuzoa taka mtaani mwao pamoja na zile za kushinda mechi. Timu hiyo ya mtaa wa mabanda ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Kama wewe ni mwalimu au mzazi na unatafuta hadithi ya kumwambia mtoto asiyetaka kufagia, hiyo hapo.

Tusker nao, wakati huo wakiitwa Kenya Breweries, walifika fainali ya Kombe la Washindi barani mwaka 1994, wakashindwa na Motema Pembe ya Zaire. Kariobangi Sharks waliwatoa Everton ya Uingereza kwa mikwaju ya penalti kule Kasarani mwaka 2019. Polisi walitwaa ligi kwa mara ya kwanza msimu wa 2024/25. Timu hizi huendeshwa kwa utaratibu ambao sisi wa Ingwe na K'Ogalo tunapaswa kuuonea wivu. Shida yao ni moja tu: ukienda kuwatazama, mara nyingi unaweza kuwahesabu mashabiki kwa vidole na vidole vikabaki. Wao wana mpango na hawana watu. Sisi tuna watu na hatuna mpango.

Pesa ni zetu wenyewe

Kila mwaka tunasikia hadithi ileile: wachezaji hawajalipwa, kocha amefungasha mizigo, viongozi wanashtakiana. Mwaka 2019 mdhamini mmoja alipoondoka, timu zote mbili kubwa ziliyumba kwa pamoja kama matatu iliyokatika breki. Klabu zenye zaidi ya nusu karne hazikuwa na uwanja wao wenyewe wa kuchezea.

Hebu tupige hesabu rahisi. Wakijitokeza mashabiki 10,000 tu, kila mmoja akatoa shilingi 100 kwa mwezi, hizo ni shilingi milioni 1 kila mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Shilingi 100 ni pesa ambazo wengi wetu huzimaliza kwa soda na mandazi bila kuzikumbuka. Kwa nini hatuzitoi? Kwa sababu hatuamini zitafika. Na viongozi kwa nini hawatoi hesabu? Kwa sababu hatujawahi kulipa, kwa hivyo hatuna mdomo wa kuwauliza. Huo ndio mduara tunaozunguka ndani yake.

Halafu tazama majirani zetu. Yanga ya Dar es Salaam ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho barani Afrika mwaka 2023, na Simba ikafika fainali hiyohiyo mwaka 2025. Hawakutwaa kombe, lakini walifika. Timu hizo nazo ni za watani wa mji mmoja, nazo zina kelele na mizozo yake. Tofauti ni kwamba shabiki wao huona fahari kununua jezi halali, kadi ya uanachama na tikiti. Kwetu, shabiki anayejiita sugu ndiye hujisifu kwamba hajawahi kulipa langoni tangu azaliwe! Huyo si shabiki. Huyo ni mgeni anayekula harusini bila kujua jina la bwana harusi.

Kasarani, Agosti 2025

Kisha likaja jambo lililotupa matumaini. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa mashindano ya CHAN, yale ambayo kila nchi huchezesha wanasoka wa ligi yake ya nyumbani pekee. Harambee Stars hawakuwa na mtu wa Ulaya hata mmoja. Walikuwa wale wale wa mechi zetu za Jumapili. Waliwafunga Kongo 1-0, wakatoka sare 1-1 na Angola, wakawafunga Morocco 1-0 wakiwa wachezaji 10 kipindi chote cha pili, kisha wakawafunga Zambia 1-0. Bao lililowazamisha Morocco lilifungwa na Ryan Ogam, kijana wa Tusker. Morocco hao hao ndio walioishia kutwaa kombe. Sisi tulitolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali, na jiji zima likaenda kulala bila hamu ya chakula.

Tulikwenda mechi moja sote wanne. Mke wangu ndiye aliyenunua tikiti kwa simu, nami nikajifanya sikuona jinsi mkono wake ulivyotetemeka. Tulifika saa tatu kabla ya mechi kuanza. Tulipita langoni kwa foleni. Tuliona akina mama wenye watoto migongoni, wanafunzi, mabibi na mabwana wa makamo. Kijana wangu alisimama dakika 90 bila kuitazama simu, na binti yangu, ambaye tulidhani hapendi mpira, alipoteza sauti kwa siku 2.

Siwezi kukudanganya kwamba kila kitu kilikuwa sawa katika mashindano hayo. Kuna mechi ambazo watu wasio na tikiti walivunja vizuizi, nchi ikatozwa faini na shirikisho la Afrika, na idadi ya mashabiki ikapunguzwa. Wachache waliotaka kuingia bure waliwafungia mlango maelfu waliokuwa tayari kulipa. Lakini siku tuliyokwenda sisi, mke wangu alitoka pale na neno moja: "Kumbe inawezekana."

Maoni yangu

Ikiwa inawezekana siku ya timu ya taifa, kwa nini isiwezekane siku ya mashemeji? Mimi nina maoni machache, nawe uyapime.

Kwanza, tikiti za debi ziuzwe mapema na zisiuzwe kabisa langoni siku ya mechi. Anayekuja na tikiti mfukoni hana haja ya kusukumana. Milango ifunguliwe mapema, yote, na wala si mmoja huku mingine ikiwa na kufuli.

Pili, kila uwanja uwe na upande wa familia, wenye mlango wake, vyoo vyake vinavyofanya kazi na maji. Choo kichafu kimewafukuza wanawake wengi uwanjani kuliko mawe, ingawa hakuna anayelisema hadharani.

Tatu, klabu zitoe hesabu zao kila mwaka, zibandikwe magazetini, hata kama ni za kusikitisha. Shabiki anayejua kwamba timu ina deni ni rahisi kumwomba msaada kuliko yule anayedhani kuna mtu ananenepa.

Nne, matawi ya mashabiki yawakatae wahuni kwa majina. Tunawajua. Tunaketi nao, tunaimba nao. Mcheza kwao hutunzwa, lakini mharibu kwao naye hufukuzwa.

Tano, nasi wazazi tufanye sehemu yetu. Usianze na debi. Anza na mechi ndogo ya Jumamosi ambayo uwanja una nafasi. Fika mapema, keti karibu na njia ya kutokea, kubalianeni mahali pa kukutana iwapo mtapotezana, mwandikie mtoto nambari yako ya simu kwenye karatasi mfukoni, na uondoke kabla ya watu kuanza kusukumana. Ukiona mambo yanaharibika, ondoka hata kama timu yako inaongoza. Bao utasimuliwa.

Nyumbani kwetu mke wangu ameweka sharti: mechi za kawaida, watoto ruhusa. Debi, hapana, mpaka aone milango imetengenezwa na upande wa familia upo. Kijana amelalamika, lakini mimi namuunga mkono mama yake, kwa sababu anayetoa sharti hilo si mtu asiyejua mpira. Ni mtu aliyeupenda tangu utotoni akautazama ukiua. Watu kama yeye ni wengi katika jiji hili, wamekaa nyumbani na jezi zao sandukuni, na timu ambayo itawarudisha uwanjani itakuwa imeshinda jambo kubwa kuliko ligi.

Ningependa timu hiyo iwe Ingwe. Lakini ikiwa itakuwa K'Ogalo, msomaji, basi niko tayari kununua kuku mwingine.